Kabati la Nusu Dola

Shikeni ukingo. Kabla hamjaniuliza mshahara ulikuwaje na joto la Doha linavumilika vipi, jifunzeni hilo kwanza: sarafu ya fedha hushikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, na uso wake hauguswi. Ukishaishika, funga mdomo. Mate ya mtu anayezungumza huruka hata kama hayaonekani, na yakitua juu ya fedha, baada ya miezi huzuka kidoa cheusi kama kichwa cha sisimizi. Kidoa hicho utakufa ukiache.

Nawaambia haya kwa sababu kila kijana wa hapa Kisauni anayepata viza ya Ghuba huja kuniaga, na kila mmoja huuliza, "Ami Salim, kwani huko ulikuwa ukifanya kazi gani hasa?" Hao ni wenye adabu. Wasiokuwa nayo husema nilikuwa nauza pesa za zamani. Sikuuza hata moja. Nilikuwa mtunza sarafu wa mtu mmoja aliyeitwa Abu Jasim, na sarafu zenyewe zilikuwa nusu dola za fedha za Kimarekani, zile za ukumbusho.

Wamarekani wa zamani walikuwa na desturi hiyo. Mji ukitimiza miaka mia, daraja likifunguliwa, maonyesho makubwa yakifanyika, wanapiga nusu dola ya fedha yenye picha ya jambo lenyewe na kuwauzia watu waweke. Hazikuwa za kununulia mkate, ingawa njaa ilipobana wako waliozinunulia mkate, na ndiyo maana nyingine zimelika nyuso. Mtindo huo ukakoma miaka ya hamsini. Abu Jasim alipelekwa Marekani kusomea mambo ya mafuta akiwa kijana, siku moja akaingia kwenye kiduka kukimbia baridi, akatoka na sarafu. Aliporudi Doha alikuwa nazo kumi na moja. "Wenzangu walirudi na magari," alikuwa akiwaambia wageni, "mimi nikarudi na soksi iliyojaa nusu dola." Baadaye alipata uwezo akanunua nyingi, nzuri zaidi, zilizofungwa kwenye vijumba vya plastiki ngumu na wataalamu. Lakini zile kumi na moja za soksi zilikaa wazi kwenye droo ya juu ya kabati, juu ya kitambaa, na ndizo alizokuwa akizipenda.

Mimi nilifika kwake mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kumimina kahawa katika majlisi, sebule yake ya wageni. Kiarabu nilikuwa nacho cha madrasa, na mwezi wa kwanza wageni walicheka kila nikifungua mdomo, wakasema huyu anatuhutubia Ijumaa. Mwaka haukuisha nikawa nimekishika kile chao cha nyumbani. Hapo Abu Jasim akaanza kuniita nisimame karibu anapofungua kabati, akinionyesha hiki na kile, kama mtu aliyekaa siku nyingi bila wa kumsikiliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la machibusi. Nimekula wali na nyama kwa mkono, nimenawa kwa haraka, nikaokota sarafu kwa uso wake. Abu Jasim aliitazama, akacheka. "Sasa umetia sahihi," akasema. Nilidhani mzaha. Baada ya miezi sita alama ya dole gumba langu ilikuwa imejitokeza rangi ya kahawia, mistari yote, ungeweza kunitafutia kitambulisho nayo. Hakunifukuza. Alisema fundi asiyeharibu kitu hajaguswa na kazi.

Akanifundisha kusoma mwanga. Weka sarafu chini ya taa moja, uiinamishe polepole. Ile ambayo haijaguswa tangu ipigwe, mwanga wake huzunguka kama vipande vya mti vya gurudumu la mkokoteni. Iliyosuguliwa haizungushi kitu, inamulika tu kama sufuria. Akanifundisha pia ngozi. Fedha iliyolala vizuri miaka mingi ndani ya karatasi hujifanyia ngozi, dhahabu pembeni, halafu buluu, halafu rangi ya zambarau iliyokomaa. Mjinga huona uchafu. Mwenye macho huona ndiyo umri wenyewe, na ngozi hiyo ikitolewa haioti tena.

Mimi nami nilimfundisha kitu kimoja. Niligundua kwamba sarafu za upande wa kushoto zilikuwa zikigeuka nyeusi haraka, na upande huo ndiko kilikokuwa kinawekwa chetezo cha udi kila Alhamisi. Nikamwambia, baba, moshi. Tukahamisha kabati. Siku hiyo alinipa ufunguo, nikautia kamba nikauvaa shingoni ndani ya kanzu. Nilikuwa nikiushika wakati wa kuswali, Mungu anisamehe.

Basi ndipo akaja Barasa.

Ulikuwa mwaka wangu wa sita. Barasa alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kitale, umri wake miaka thelathini na kitu, Mkristo, mrefu, mwenye pengo la meno la kuchekea. Alikuwa amefanya kazi hotelini hapo hapo Doha, na kazi yake ilikuwa kung'arisha vijiko. Msicheke, hoteli kubwa huwa na mtu wa vijiko tu. Abu Jasim alimchukua kwa ajili ya madalla, yale mabirika ya kahawa, na vyetezo na masinia. Barasa akivisugua, ungeweza kuchania nywele mbele yavyo. Kiarabu chake kilikuwa yalla na shukran. Kila kilichozidi hapo kilipita kwangu.

Wiki ya pili Abu Jasim alikuwa ametoa ile sarafu yake ya kwanza kabisa, yenye gari la ng'ombe linaloelekea jua linapotua. Barasa alikuwa anakusanya vikombe. Alikuwa na tabia moja: akizungumza na mzee alimtazama mzee mwenyewe usoni, kama vile mimi ni waya wa simu.

"Salim, hebu muulize," akasema. "Hizi ng'ombe ni za kukokota ama ni za maziwa? Juu vile nikiona, hazijalishwa tangu Jumapili."

Nikatafsiri. Abu Jasim alicheka mpaka kikombe kikamtoka mkononi. Akauliza mnyama huyo anaitwaje kwa lugha yetu. "Ng'ombe," akasema Barasa. "Ngombe," akasema Abu Jasim. Akarudia mara tatu kama mtoto aliyepewa peremende, na kuanzia siku hiyo kila mgeni aliyeingia alionyeshwa Ngombe.

Miaka sita nimekaa na mtu yule. Hakuwahi kuniuliza maji kwa Kiswahili ni nini.

Barasa akazibatiza zote. Ile yenye dubu upande mmoja na daraja upande wa pili ikawa Dubu. Ya mti mkubwa ikawa Mvule, ingawa si mvule. Iko moja yenye uso wa Mweusi, mwalimu aliyezaliwa mtumwa akaja kujenga chuo. Zilipigwa nyingi mno, kwa wakusanyaji si kitu, Abu Jasim aliiweka nyuma. Mimi nilikuwa nikiipenda hiyo kwa siri miaka yote, nikiifuta vumbi la kitambaa chake kabla ya nyingine. Barasa akaiona asubuhi moja, akasema, "Huyu ni Mwalimu," na jioni Abu Jasim alikuwa ameileta mbele. Mwalimu, muallim, neno lilimkaa mdomoni bila taabu. Nilitamani kuing'oa pale mbele nikairudishe nyuma, nyuma kabisa, ilikokuwa yangu.

Mnajua kijicho kinavyoanza? Hakianzi kwa kumchukia mtu. Huanza kwa kuhesabu alichopewa. Barasa ameulizwa habari za mama yake. Barasa ameachiwa tende za Madina. Barasa kapigwa bega. Nilikuwa nikilala na hesabu hiyo na kuamka nayo, na wakati wote Barasa mwenyewe ananiwekea chai na kuniita bro. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nasema nilikuwa nazo nyingi tu, tatizo hazikuwa za maana.

Na tazameni maudhi yenyewe: Barasa hakuweza kumchekesha mzee bila mimi. Mimi ndiye niliyebeba vichekesho vyake kutoka lugha moja kwenda nyingine, navifikisha vizima, halafu anachekewa yeye. Mwisho nikaanza kupunguza. Kichekesho kina mkia, na ukiukata mkia kinakufa njiani. Barasa alisema kitu kirefu kuhusu jogoo wa shangazi yake, mimi nikafikisha, "Anasema shangazi yake ana jogoo." Abu Jasim akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kahawa yake.

"Leo hajacheka," Barasa akaniambia jikoni.

"Kachoka," nikamwambia. "Joto."

Nilijisikia vizuri siku nzima. Mkienda huko mkapewa kazi ya kuwatafsiria wenzenu, jichungeni na utamu huo. Mkalimani mwenye wivu ni mwizi ambaye hakuna sheria ya kumfunga.

Kisha kukaja jambo la mshono. Mtu mmoja alileta Dubu ya kuuza, nzuri, uso safi. Nilipewa mimi kwanza. Nikaipima uzito, sawa. Nikaitazama kwa lensi, manyoya ya dubu yapo yote. Nikasema zein, nzuri. Barasa alikuwa anapita na sinia. Akainama, akaichukua kwa ukingo, hilo angalau nilikuwa nimemfundisha, akaizungusha mbele ya dirisha.

"Hii kitu iko na mshono," akasema. "Cheki hapa kando. Hizi meno zinakatika. Vijiko feki za hotelini zinakuanga na hiyo alama, ni za kumiminwa kwa kalibu."

Mgeni alikuwa hapo, na macho ya Abu Jasim yalikuwa kwangu, sikuweza kukata mkia wowote. Nikatafsiri. Abu Jasim aliitazama ukingoni muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akachukua lensi kutoka mkononi mwangu, akampa Barasa. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi. Ukingo ndio husema kweli kuliko uso, na mimi, bingwa wa kuwaambia watu washike ukingo, sikuwa nimeutazama. Lakini sikulala nikifikiria ukingo. Nililala nikifikiria lensi ilivyohama.

Mwaka huo huo Abu Jasim alianza kujenga Lusail. Kule kulikuwa bado mchanga na winchi, lakini nyumba yake ilikuwa inapanda, na siku moja alisema, akiwa anatutazama sote wawili, kwamba majlisi ya kule ni ndogo, itataka mtu mmoja tu, wa kahawa na wa kabati pamoja. Mwingine angetafutiwa pengine, Mungu akipenda. Nikatafsiri hilo neno kwa neno. Barasa akasema, "Sawa, bora sote tule." Mimi niliushika ufunguo kupitia kanzu. Nilijua tayari kichwani mwa mzee ni nani, na sikuwa mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu yote yaliyobaki yamesimama juu ya neno moja.

Wakusanyaji wawili walikuwa wanatoka Kuwait kuja kuona zile kumi na moja. Abu Jasim alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege kuwapokea. Gari likiwa linaondoka, mchana kweupe, aliteremsha kioo, akamwona Barasa mlangoni, akamwambia, "Naddhif il-kabat." Akaenda.

Kabati kwa Kiarabu cha Ghuba ni kabat. Neno moja hilo hilo. Barasa alilishika hilo, lile la kwanza likampita. Akaja jikoni.

"Salim, mzee amesema nini? Nimesikia tu kabati."

"Kasema usafishe kabati," nikamwambia.

Sikusema uongo. Hata leo mkiniapisha, naapa kwamba hiyo ndiyo tafsiri yake. Lakini kila mtu wa nyumba ile isipokuwa Barasa alijua kwamba mzee akisema safisha kabati, anataka kioo kifutwe vumbi kwa nje, basi. Na mimi peke yangu nilijua Barasa akiambiwa asafishe kabati anaelewa nini. Wiki moja kabla ya Ramadhani alikuwa ameambiwa asafishe kabati la madalla, akatoa kila kitu, akakisugua kimoja kimoja, akakirudisha kikiwaka. Huko hotelini alikotoka, kusafisha kabati ndiyo hivyo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba fedha hii haisuguliwi. Ilikuwa kazi yangu kumwambia, na miezi kadhaa nilikuwa nimejizuia, kwa sababu ngozi lilikuwa ndilo jambo pekee nililolijua na yeye halijui.

"Kabati yote?" akauliza. "Na ndani?"

"Kabati," nikasema.

"Basi nipatie funguo."

Hapo ndipo mlango wa kurudi ulipokuwa. Kioo cha nje hakihitaji ufunguo. Nilivua kamba shingoni nikampa. Kisha nikasema nakwenda kunyoa, nikapanda basi hadi Al Mansoura, kwa kinyozi wa Kinepali niliyemzoea, nikanyoa ndevu, nikanyoa na kichwa ambacho hakikuwa na haja, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikanywa chai ya maziwa vikombe viwili. Kila nikisema niinuke, nasema kidogo tu.

Niliporudi alikuwa anamalizia. Kopo la dawa ya kung'arishia liko mezani, vitambaa vyeusi vimerundikana, na zile kumi na moja zimepangwa juu ya kitambaa chao.

"Cheki vile zinawaka, bro," akasema. Alikuwa anatoka jasho. "Hizi zilikuwa zimeoza. Sijui mlikuwa mnaziachaje hivyo na wageni wanakuja."

Niliiinua Ngombe kwa ukingo, nikaiinamisha dirishani. Ile buluu ya mbinguni iliyokuwa juu ya gari imekwisha, dhahabu ya pembeni imekwisha, na mwanga haukuzunguka. Zote kumi na moja zilikuwa nyeupe namna moja. Mtu angedhani zimetoka kiwandani jana. Kwanza nilifurahi. Siwafichi, ilikuwa furaha tupu, ya tumboni. Kisha nikaiona Mwalimu. Ilikuwa na mikwaruzo myembamba usoni kote, nikakaa chini.

"Ni nini?" Barasa akauliza.

"Joto," nikasema.

Wageni walikaa, wakanywa kahawa niliyowamiminia mimi mwenyewe. Abu Jasim aliwahadithia soksi. Akavuta droo.

Mgeni mmoja alitazama, akageuza macho yake kwenye zulia kwa heshima, kama mtu aliyeingia chumbani mwenzake akiwa anavaa. Abu Jasim aliichukua Ngombe, akaiinamisha chini ya taa mara moja, mara ya pili. Akairudisha. Akasema taratibu, "Salim, muulize kwa nini."

Barasa alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni na tabasamu limemkwama. Nikamuuliza kwa nini. Hakunitazama. Alimtazama mzee usoni, kama desturi yake.

"Baba, mimi niliuliza Salim," akasema. "Salim aliniambia nisafishe kabati, akanipa funguo. Kama nimeharibu kitu, pole sana, mimi sikujua. Nilitaka zipendeze."

Nikageuka kwa Abu Jasim. Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema hakujua. Anaomba radhi. Alitaka zipendeze."

Ndiyo hivyo. Mkia nilioukata siku ile ulikuwa wa mtu.

Abu Jasim alinitazama mimi, akamtazama Barasa, akanitazama mimi tena. Nilidhani anatafuta hasira yake iko wapi. Halafu akasema khalas, akafunga droo, akawaomba wageni wahamie chumba cha chakula.

Siku ya tatu aliamua. Barasa angekwenda Al Thumama kwa mtoto wake mkubwa, Jasim mwenyewe, kuwa dereva. Leseni ya Qatar alikuwa ameshaipata. Kazi yake ingekuwa kuwapeleka na kuwarudisha wajukuu shuleni. Mimi ningekwenda Lusail na kabati. Niliyasikia hayo nikajizuia nisitabasamu. Dereva wa watoto. Mtu aliyekabidhiwa lensi sasa anakwenda kufunga mikanda ya watoto na kuokota penseli chini ya viti.

Barasa alifunga begi lake asubuhi. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia mzee vile nilisema? Yote?"

"Nilimwambia."

"Asante, bro," akasema, akanipa mkono, na mkono wake bado ulikuwa unanuka ile dawa.

Nilikaa Lusail miaka mitano. Nilitengeneza unyevu wa kabati kwa vifuko vya kunyonya maji, nikatupa mifuko yote ya plastiki laini, ambayo, sikilizeni, kiyoyozi kikizimika hutokwa na ute wa kijani unaokula fedha. Nilifanya kila kitu sawasawa. Lakini Abu Jasim hakunifungulia tena mazungumzo. Droo ya juu haikuvutwa wageni walipokuja. Hakuwa mkali, hakuwahi kunipandishia sauti. Asubuhi nikishamimina kahawa ya mwisho aliniangalia akasema, "Salim, kuna lingine?" nami nikasema hakuna, baba, nikatoa sinia. Nilikuwa mshindi, na ushindi wenyewe ulikuwa baridi kama kile kiyoyozi. Hata wivu haukuisha. Wajukuu walipokuja Ijumaa walikuwa wakisalimia babu yao "shikamoo," na nikajua wamefundishwa na nani.

Goti langu likakataa ngazi, nikaomba kurudi nyumbani. Siku ya kuondoka nikampelekea ufunguo mkononi. Aliupokea, akaniambia nikae, jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kuniambia, kukaa kwenye mito ya majlisi kama mgeni. Alinimiminia kahawa yeye.

"Siku ile ya sarafu," akasema. "Yule alizungumza kwa lugha yenu. Mimi lugha yenu sijui ila ngombe na mwalimu. Lakini alisema Salim mara mbili. Akasema kabati. Wewe uliponieleza kwa Kiarabu, Salim hakuwemo."

Nilishika kikombe. Jina halina tafsiri, vijana. Miaka yote ile ya ukalimani na sikuwa nimelifikiria hilo.

"Nikasema atalisema kesho," akaendelea. "Kesho yake nikasema labda anaona haya mbele ya watu, nitamuuliza tukiwa wawili. Nimekuuliza kila asubuhi."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba kama alijua, kwa nini mwaminifu akaondoka na mimi nikapewa ufunguo.

Alinishangaa kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachoma.

"Zile zilikuwa zimeshaharibika," akasema. "Hizo nyingine zimefungwa kwenye plastiki, yeyote anaweza kuzitunza. Barasa nilimpa watoto."

Angenitukana ningeshukuru. Nilikaa pale na kikombe cha mgeni mkononi, na mngetegemea nione haya, au nimwombe radhi, au niulize namba ya Barasa nimpigie. Hayo nilikuja kuyafanya, mengine kwenye ndege, mengine mwaka uliofuata. Pale pale, jambo la kwanza lililonijia moyoni, kabla ya jingine lolote, lilikuwa wivu.